Jina la Mjane Kwenye Orodha: Kisa cha Kikundi cha Wanawake wa Kibenet, Mlima Elgon

Kisa hiki kilitokea upande wa Uganda wa Mlima Elgon, katika mojawapo ya makazi ya muda ya Wabenet. Kijiji, mwaka na majina havitajwi, na baadhi ya alama za familia zimebadilishwa. Wahusika nawaita kwa nafasi zao: mjane, shemeji, mama mkwe, mwenyekiti wa kikundi, katibu. Wote waliridhia kisa kiandikwe isipokuwa shemeji. Kwa sababu hiyo nimeyaacha mengi yanayomhusu, hata yale ya kuchekesha.

Nawaandikia wasaidizi wa kisheria, maofisa wa maendeleo ya jamii na wanaolea vikundi vya kuweka na kukopa mlimani.

Usuli

Wabenet ni wafugaji na warina asali waliokuwa wakiishi sehemu za juu za Elgon, msituni na kwenye nyika za nyasi zilizo juu ya mashamba ya Wasabiny wengine. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliufanya msitu huo kuwa hifadhi. Mwaka 1983 serikali ilitenga hekta 6,000 ili wahamie huko. Ugawaji ukaenda ovyo: wapo wageni waliopata na wenyeji waliokosa. Mlima ulipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1993, wapimaji waligundua kwamba eneo lililogawiwa lilikuwa hekta 7,500. Waliokuwa kwenye hizo 1,500 za ziada wakaambiwa wamo ndani ya hifadhi, na hawakuwa wamesogea hata hatua moja.

Jamii ilikwenda mahakamani. Tarehe 27 Oktoba 2005 Mahakama Kuu mjini Mbale ilitoa hukumu iliyotokana na makubaliano ya pande zote, ikiwatambua Wabenet kuwa wakazi wa asili na wa kihistoria wa eneo lao, wenye haki ya kukaa na kulima. Miaka mitatu baadaye, 2008, kaya nyingi zilifukuzwa tena na kuwekwa kwenye makazi ya muda. Amnesty International ilipotoa ripoti yake mwaka 2021, watu walikuwa bado wako hapo hapo. Majengo ya kudumu hayaruhusiwi, kwa hiyo nyumba ni za udongo na nyasi. Umeme hakuna. Mgonjwa anabebwa mgongoni hadi barabara inapoanza.

Habari ya Wabenet kwa kawaida huishia hapo: jamii upande mmoja, hifadhi upande wa pili. Ukiketi na wanawake unasikia ugomvi mwingine ulio ndani ya huo. Kukosa hati kunamgusa kila mtu makazini, lakini mwanamke hata kile kipande kisicho na hati amekipata kwa mgongo wa mume. Mume akifa, haulizwi kama anayo hati. Anaulizwa yeye ni nani hapo.

Kuna jambo lingine ambalo msomaji wa mbali anahitaji kulijua. Katika Sebei, eneo la Wasabiny, kwa mila, mwanamke ambaye hakukeketwa alikatazwa kupanda ghalani kuchukua nafaka, kuzoa samadi zizini na kusimama kusema mbele ya wazee. Wazee wa Kisabiny wenyewe walianza kuipinga mila ya ukeketaji miaka ya 1990, na chama chao kikapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya masuala ya idadi ya watu mwaka 1998. Mwaka 2010 sheria ya nchi ilipiga marufuku ukeketaji, na sheria hiyo hiyo inamfanya mkosaji yeyote anayembagua mwanamke kwa kuwa hakukeketwa. Mjane wetu hakukeketwa. Jambo hilo lilikaa kimya miaka yote ya ndoa yake, mpaka likahitajika.

Kikundi

Wanawake 27, sanduku la chuma, makufuli matatu, funguo kwa watu watatu wasio ndugu. Wanakutana kila Alhamisi. Hisa moja ni shilingi 2,000, na kila mtu anatoa 500 za mfuko wa jamii, ambao kwa katiba yao ni wa ugonjwa na msiba tu. Mgao ni mwisho wa mwaka. Yote haya ni ya kawaida, na vikundi kama hivi vimejaa wilaya za Kapchorwa, Kween na Bukwo.

Kisicho cha kawaida ni katibu. Alifika kidato cha nne, akaolewa mlimani, na anaandika kila kitu. Daftari la mikopo lina safu ya jina, kiasi, tarehe na sahihi. Yeye aliongeza safu ya tano kwa rula, ya kueleza mkopo unakwenda wapi. Mstari mmoja wa mjane unasomeka hivi: "120,000. Mbegu ya viazi gunia 1, vibarua 4, shamba la karibu na mto. Atalipa akivuna." Wenzake walimcheka. Mmoja alimwuliza kama ataandika na rangi ya gunia.

Yaliyotokea

Mume wa mjane alikufa baada ya kuugua muda mrefu. Familia ilikuwa na nusu ekari makazini, waliyoonyeshwa na viongozi baada ya 2008, na jina la mume lilikuwa kwenye orodha ya kaya zinazosubiri kupewa ardhi ya kudumu. Baada ya matanga shemeji alijitolea kumrithi mjane. Alikataa kwa adabu, akisema watoto wake wamekua na mama mkwe yupo. Hapakuwa na ugomvi. Shemeji aliendelea kuja na maksai wake msimu wa kulima, na mjane aliendelea kumwita baba mdogo wa watoto.

Mambo matatu yalifuatana kwa karibu.

Kwanza, karani wa ofisi moja alipanda mlimani kuhuisha orodha ya kaya. Fomu yake ilikuwa na mstari mmoja wa mkuu wa kaya. Siku hiyo mjane alikuwa ameshuka sokoni na punda wawili wa viazi. Shemeji, aliyekuwa ameshaandikwa kwa kaya yake, alimwambia karani kwamba na ile nyumba ya marehemu iko chini yake. Akaandikwa mara ya pili. Mjane alizipata habari kutoka kwa kijana wa punda.

Pili, shemeji aliikodisha ile nusu ekari kwa mkulima wa shayiri kutoka chini, misimu miwili, pesa mkononi. Mkulima yule alikuja na jembe lake akiamini amefanya biashara halali. Alipoambiwa shamba lina mwenyewe, alitoa karatasi aliyoandikiana na shemeji, yenye mashahidi wawili.

Tatu, ng'ombe watatu wa mjane walishikwa na askari wa hifadhi. Mtoto alikuwa anawachunga karibu na mpaka, ukungu ukashuka, wakavuka. Faini ilikuwa shilingi laki moja na nusu. Mjane alikwenda kituoni na kuongea na afande kwa Kiswahili, akaonyesha cheti cha kifo cha mume, akasikilizwa vizuri, akaambiwa faini ni ile ile.

Jioni hiyo shemeji alikuja nyumbani kwake na sukari kilo moja. Maneno yake, kama mjane alivyonisimulia, yalikuwa haya: "Shemeji, ng'ombe nitawatoa mimi kesho. Wewe shamba niachie, na hayo ya orodha tusiyarudie."

Nadhani alikuwa anaamini anatenda wema. Alikuwa na pesa ya kodi ya shamba mfukoni, na pesa hiyo hiyo ndiyo ingewatoa ng'ombe. Mjane hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Ngoja Alhamisi ipite."

Maamuzi na sababu zake

*Sanduku lifunguliwe kwa ajili ya faini?* Huu ndio mkutano uliokuwa mrefu kuliko yote. Wanawake waliketi juu ya magunia matupu ndani ya ghala la viazi, mvua ikipiga nyasi za paa, na sanduku likakaa katikati limefungwa karibu saa nzima kwa sababu mwenye ufunguo wa tatu alikataa kuutoa kabla hoja haijaisha. Hoja yake haikuwa ya roho mbaya. Karibu kila mmoja wao ng'ombe wake wamewahi kushikwa. Wakianza kulipa faini, sanduku litakuwa la faini, na wanaoshika ng'ombe watajua wanawake wa hapa wana pesa.

Waliomtetea mjane walitaka mfuko wa jamii utumike. Mwenyekiti alikataa: mfuko ni wa ugonjwa na msiba, na faini si msiba hata kama inauma. Kilichopita mwishoni ni mkopo wa kawaida, kwa riba ya kawaida, wenye wadhamini wawili, wa kulipwa baada ya mavuno. Katibu aliandika kwenye safu yake ya tano: "Kukomboa ng'ombe 3 ili asiuze shamba." Mimi ningeandika "faini". Yeye aliandika sababu.

Mjane aliwatoa ng'ombe kesho yake asubuhi. Sukari aliirudisha kwa mkono wa mtoto, pamoja na viazi debe moja juu yake, ili isionekane tusi.

*Twende kwa nani?* Kulikuwa na njia nne: polisi, mahakama ya hakimu Kapchorwa, mahakama ya LC (baraza la serikali ya mtaa; LC1 ni la kijiji), au wazee wa ukoo. Nilipoulizwa, nilieleza sheria kama ilivyo. Sheria ya Ardhi ya 1998, baada ya marekebisho ya 2004, inailinda ardhi ya familia isiuzwe wala kukodishwa bila ridhaa ya mke au mume. Sheria ya Mirathi kama ilivyorekebishwa mwaka 2022 inampa mjane asilimia 20 ya mali ya mume aliyekufa bila wosia na inamlinda katika nyumba ya familia. Mwenyekiti, mama ambaye hakusoma, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: asilimia 20 ya nini?

Swali lake lilikuwa la kisheria kuliko alivyojua. Kesi ya umiliki wa ardhi, popote itakapofunguliwa, swali lake la kwanza ni ardhi ni ya nani. Na kwa makazi ya muda, wakili wa hifadhi angeweza kulijibu kabla mjane hajafungua mdomo. Mwanamke mmoja anayetafuta nusu ekari yake angeweza kuwaletea majirani wote hukumu ambayo hawakuiomba. Kwa hiyo kikundi kiliamua kwamba neno "umiliki" lisitamkwe. Malalamiko yalipelekwa kwa wazee wa ukoo, mwenyekiti wa LC1 akiwepo, kwa mambo mawili tu: nani analima shamba la mto, na jina la nani liandikwe kwa ile nyumba.

*Nani aseme?* Walijua shemeji atakachosema. Nilikuwa nimemkumbusha mwenyekiti wa LC1, tukiwa wawili, sheria ya 2010 inavyosema kuhusu kumbagua mwanamke ambaye hakukeketwa. Alikuwa anaifahamu. Swali likawa kama itajwe mkutanoni. Baadhi ya vijana katika kikundi walitaka mjane asimame mwenyewe, na atakayemzuia ashtakiwe. Wakubwa walisema ukimtishia mzee na jela mbele ya watu, hata kama atanyamaza, mwaka ujao hatakuja kukuamulia kitu. Iliamuliwa mwenyekiti wa kikundi amsemee, mjane akae mbele, si nyuma na watoto.

Kikao cha wazee

Shemeji aliongea vizuri, kwa utulivu, kuhusu jina la kaka yake lisipotee. Kisha akasema walilolitarajia: huyu hakuingia kwenye mila, atasemaje mbele ya wazee?

Mwenyekiti wa kikundi alisimama, akajifunga kanga kiunoni. "Mimi nilikatwa," alisema. "Wote mnajua, na wengine wenu mlikula nyama siku hiyo. Basi nasema mimi."

Akampa katibu wa LC1 daftari alisome kwa sauti. Mistari sita, misimu minne: mbegu, vibarua, dawa ya viazi, mbegu tena, magunia, na ule wa mwisho wa ng'ombe. Mistari mitano ya kwanza inataja shamba la karibu na mto, kila mstari una kidole gumba cha mjane na tarehe, na tarehe mbili za kwanza ni za wakati mume yu hai lakini kitandani. Mzee mmoja aliomba mstari wa vibarua urudiwe, kwa sababu mmoja wa vibarua wale alikuwa mwanawe.

Mama mkwe aliulizwa. Alijibu kwa swali: viazi alivyokula miaka hii yote vililimwa na nani? Hakusema zaidi, na hakumtazama mwanawe.

Matokeo

Wazee waliamua mkulima wa shayiri avune alichopanda kisha atoke, na shemeji amrudishie kodi ya msimu wa pili. Shamba lirudi kwa mjane. Mkulima alirudishiwa nusu ya kodi hiyo. Iliyobaki bado anaidai. Shemeji hakuja tena na maksai, na msimu uliofuata mjane alilima kwa jembe la mkono akisaidiwa na wanakikundi kwa zamu.

Kuhusu orodha, LC1 aliandika barua na kugonga muhuri. Mjane na mwenyekiti wa kikundi waliipeleka ofisini wenyewe. Karani alilikata jina la shemeji kwa kalamu nyekundu, akaandika la mjane ukingoni mwa karatasi. Katibu alikuwa amewaagiza wasiondoke bila picha ya ukurasa ule, nao wakapiga kwa simu ya bodaboda aliyewapeleka. Orodha ilipochapwa kwa kompyuta, jina la mjane lilikuwamo mahali pa mkuu wa kaya. Kwenye safu ya jinsia ameandikwa mwanaume. Barua ya kurekebisha imepelekwa.

Mkopo ulilipwa kwa kuchelewa, viazi vilipigwa na baridi. Wanawake watatu walijitoa kwenye kikundi baada ya mgao, akiwemo yule wa ufunguo wa tatu. Wajane wengine wawili, walipoona, walikwenda kuandikishwa kwa majina yao, nao hawakuhitaji kikao.

Uchambuzi

Kilichookoa shamba ni mkopo wa faini. Daftari, wazee na barua vilikuja baadaye, na vyote vingekuwa bure kama mjane angepokea ile ofa jioni ya kwanza. Tukichambua migogoro ya ardhi ya wanawake huwa tunaangalia sheria na mila, tukisahau kwamba mara nyingi mwanamke huliachia shamba siku anapohitaji pesa ndogo haraka, na mwenye pesa hiyo ndiye anayelitaka shamba. Laki moja na nusu iliyopatikana Alhamisi ilikuwa na nguvu kuliko wakili wa mwezi ujao. Na kwa kuwa ilikuwa mkopo wala si msaada, shemeji hakuweza kusema mjane analishwa na kikundi.

Daftari lilishinda kwa sababu halikuandikwa kwa ajili ya kesi. Karatasi ya shemeji ilikuwa na mashahidi na sahihi nzuri, lakini iliandikwa siku moja kwa kusudi moja. Mistari ya katibu, ukiacha ule wa mwisho, ilikusanyika bila mtu kuwaza ugomvi. Kwa vikundi ninavyovitembelea, safu ya tano sasa ni jambo ninalolisisitiza kuliko hata mafunzo ya riba: pesa inakwenda kufanya nini, na katika shamba lipi.

Kutenganisha vita viwili kulifaa, ingawa najua wenzangu wa utetezi wa haki hawatapendezwa. Wangependa kisa cha mjane kiunganishwe na hukumu ya 2005 na madai ya jamii nzima. Hilo lina mahali pake. Lakini madai ya jamii yamekwenda miaka mingi, na nusu ekari inahitaji mbegu msimu huu.

Penye kasoro kubwa ni suala la nani aseme. Mwenyekiti alimnyamazisha shemeji, na kila aliyekuwepo alisimulia habari hiyo kwa kicheko wiki nzima. Hata hivyo tazama jinsi alivyomshinda: kwa kukubali kanuni yake. Alisema kwa sababu amekatwa. Mjane alishinda kesi yake bila kutamka neno, na msichana ambaye hakukeketwa aliyekuwa pale alijifunza kwamba atahitaji mama mzima wa kumsemea. Vijana wa kikundi waliliona hilo siku ile ile na wakalisema. Sidhani walikosea, na sidhani wakubwa walikosea kwa hesabu ya siku ile. Lakini mwenyekiti ni mtu mzima, na wanawake wa rika lake wenye ulimi kama wake hawatakuwepo daima. Kikundi kinajaribu sasa njia ya katikati: katika vikao vya kawaida vya kijiji, vya maji na njia, wanampeleka mjane kusoma taarifa ya kikundi. Kusoma si kusema, wanasema, na wazee wameliacha lipite.

Mkulima wa shayiri alisahauliwa na sisi wote. Ni maskini mwenzao, alilipa kwa nia njema, na wazee walimgawia hasara kwa sababu hakuwa na mtu kikaoni. Wanawake walipoulizwa walisema ashughulikiane na shemeji. Inaeleweka, lakini mtu huyo ana ndugu, na ndugu zake ndio wanaonunua viazi.

Fomu ya karani ni rahisi kurekebisha na haijarekebishwa: mistari miwili badala ya mmoja, mume na mke, tangu wote wawili wakiwa hai. Mjane asingehitaji daftari wala kikao kama jina lake lingekuwa limekaa chini ya la mumewe tangu mwanzo.

Niliwapendekezea hatua ya kisheria iliyobaki. Sheria ya Ardhi inaruhusu watu wenye ardhi ya pamoja waunde chama cha ardhi ya jumuiya, chenye kamati ya watu watatu hadi tisa ambayo theluthi yake lazima wawe wanawake. Kikundi kilivutiwa na hiyo theluthi. Kisha mwenyekiti akauliza chama hicho kitaandikishwa juu ya ardhi ipi, na hapo mjadala ukasimama. Wameuahirisha hadi baada ya mgao, na ufunguo wa tatu sasa anautunza mjane.